Tyrian, au Vita vya Anga Vilivyotolewa Hiba

Mtu ashukaye matatu pale Hurlingham hujikuta kando ya barabara iliyopewa jina la Argwings Kodhek, wakili na waziri aliyefariki katika barabara hiyo hiyo mnamo Januari 1969 kwa kile kilichotangazwa kuwa ajali ya gari. Na akielekea upande wa Lenana Road hana budi kupita karibu na makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, ambako askari wasiojua mzaha hulinda lango mchana na usiku. Sina azma ya kuzungumza habari za majeshi. Vita ninavyokusudia kuvieleza vyaweza kupiganwa ng'ambo ya barabara hiyo, katika chumba chochote cha kupanga au ofisi ndogo ya Chaka Road, wakati wa mapumziko ya mchana, kwa vidole vichache vya mikono miwili. Ni vita vya mchezo wa kale wa kompyuta uitwao Tyrian, uliotoka 1995 ukauzwa kwa fedha, na ambao tangu 2004 wenyewe wameutoa bure kwa kila apendaye kuupakua.

Kwa msomaji asiyeujua, maelezo yake ni mepesi. Chombo cha angani huonekana chini ya kioo cha kompyuta kana kwamba kinatazamwa kutoka juu, na ulimwengu wote huteremka kukikabili: vimondo, ngome, majoka ya chuma, na makundi ya adui yajayo kwa safu zenye mpango. Mchezaji hukisogeza chombo chake kushoto na kulia, mbele na nyuma, akifyatua risasi bila kukoma na kuzikwepa zile zinazomjia. Aina hii ya michezo ilizaliwa katika mashine kubwa za kutumbukiza sarafu, zilizowekwa katika mabaa na kumbi za starehe za Marekani na Japani, na sharti lake la kwanza lilikuwa ni kumwua mchezaji haraka ili atoe sarafu nyingine. Tyrian haukuwahi kuwamo katika mashine hizo. Uliundwa kwa ajili ya kompyuta za nyumbani zilizotumia DOS, na kwa hiyo ulichukua sura ya michezo ya sarafu ukaiacha tamaa yake.

Hapo ndipo ulipo uzuri wake, na hapo naomba ruhusa ya kukaa kidogo. Chombo cha Tyrian kina mzinga wa mbele, mzinga wa nyuma, visaidizi viwili vya ubavuni, ngao, na jenereta inayovilisha nguvu. Adui aangukaye huacha fedha, na baina ya vita na vita mchezaji huingia dukani, akauza alichonacho na kununua alichokitamani. Lakini jenereta ni moja, na ngao na mizinga hunywa humo humo. Basi yule aliyejinunulia mzinga mkubwa kwa pupa, akaisahau jenereta, huona mstari wa nguvu ukishuka pembeni mwa kioo kila afyatuapo, na ngao yake, iliyopaswa kujijaza tena baada ya kila pigo, ikabaki tupu. Hesabu hiyo ya matumizi, iliyofichwa ndani ya kelele na miali ya moto, ndiyo iliyowafanya watu wengi waurudie mchezo huu miaka mingi baada ya kuwa wameumaliza.

Kisa chake nacho si cha kudharauliwa, ingawa kimesimuliwa kwa mzaha mwingi. Trent Hawkins ni rubani ambaye kazi yake ni kuzichunguza sayari zinazotengenezwa ili watu wapate kuishi. Rafiki yake, kiumbe wa ukoo wa mijusi, anauawa, na kabla ya kukata roho anamfunulia siri kwamba kampuni kubwa iitwayo Microsol imegundua katika sayari ya Tyrian madini yaitwayo gravitium, na kwamba kampuni hiyo haitamwacha hai mtu yeyote aijuaye habari hiyo. Waliokitunga walikuwa vijana wa Marekani waliotaka sababu ya kufyatua risasi, na sidhani kama walifikiri zaidi ya hapo. Hata hivyo mtu wa Afrika ya Mashariki akisoma juu ya madini yenye thamani, kampuni isiyoonekana uso, na wakazi wanaouawa kwa sababu ya kile kilichomo chini ya miguu yao, hahitaji kwenda sayari nyingine. Koltan ya Masisi, kule Kivu ya Kaskazini, humtosha, na huenda chembe zake zimo ndani ya hiyo hiyo kompyuta anayochezea.

Walioufanya mchezo huu walikuwa wachache. Jason Emery aliandika programu, Daniel Cook alichora picha, na Alexander Brandon alitunga sehemu kubwa ya muziki pamoja na maandishi ya kisa. Brandon baadaye alishiriki kutunga muziki wa Unreal na Deus Ex, michezo iliyovuma duniani kote. Mchapishaji wao alikuwa Epic MegaGames, kampuni iliyoanzishwa na Tim Sweeney mwaka 1991, ambayo leo huitwa Epic Games na hujulikana kwa watoto wetu kwa sababu ya Fortnite. Wakati ule Epic iliuza michezo kwa desturi ya kuonjesha: sehemu ya kwanza ya hadithi iligawiwa bure, tena wanunuzi walihimizwa kuwanakilia rafiki zao, na aliyenogewa ndiye aliyetuma fedha ili aletewe sehemu zilizobaki.

Wala tusidhani kuwa ubure ni jambo lililozuka juzi katika ukoo huu wa michezo, kwa maana babu wa michezo yote ya vita vya anga hakuuzwa kamwe. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT, kule Massachusetts, wakiongozwa na Steve Russell, waliandika Spacewar!, ambamo vyombo viwili huviziana kuizunguka nyota yenye mvutano, na wakaiacha ienee kutoka kompyuta hadi kompyuta bila kumdai mtu senti. Fedha ziliingia mwaka 1971, Nolan Bushnell na Ted Dabney walipolitia wazo hilo ndani ya sanduku lenye tundu la sarafu, wakaliita Computer Space. Nafurahi kukumbusha, japo kwa njia ya kuchepuka, kwamba mwaka mmoja kabla ya sanduku hilo, tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya kweli iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti ya elimu ya falaki iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ile, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Pwani ya Waswahili, basi, ilikwisha kurusha chombo angani kabla ulimwengu haujaanza kulipa sarafu ili kujifanya unarusha.

Mchezo uliowatia watu wazimu ulikuja mwaka 1978 kutoka kampuni ya Taito ya Japani, nao ni Space Invaders wa Tomohiro Nishikado. Ajabu yake moja yastahili kuelezwa, kwa sababu kila mchezo uliofuata, Tyrian ukiwamo, hudaiwa nayo. Adui walikuwa 55, safu tano za kumi na mmoja, na kompyuta ndogo ya mashine ile ilikuwa na kazi nzito kuwachora wote; lakini kila mmoja alipouawa kazi ilipungua, na waliobaki wakaenda mbio zaidi, hata yule wa mwisho akapita kama mshale. Nishikado hakukusudia hivyo tangu awali, ila alipoona jinsi moyo wa mchezaji unavyopaa kadiri adui wanavyopungua, aliliacha jambo hilo kama lilivyo. Hadithi nyingine inayosimuliwa sana, kwamba mchezo huo ulisababisha upungufu wa sarafu za yeni 100 katika Japani nzima, ni tamu lakini haina ushahidi.

Je, vita hivyo vilifikaje Nairobi? Kwa Wakenya walio wengi havikuja kwa njia ya mashine za sarafu, wala si kwa maduka yenye sanduku zilizofungwa vizuri. Katika miaka ya 1990 vilikuja kwa ile mashine tuliyoiita TV game, iliyoigizwa kutoka Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983, ikatengenezwa bila idhini ya mwenyewe na kuuzwa pamoja na kaseti yenye maelfu ya michezo juu ya karatasi yake na michezo michache mno ndani yake. Wenye kompyuta, ambao hawakuwa wengi, walipata michezo ya DOS kwa disketi zilizopita mkono kwa mkono, kutoka kwa binamu kwenda kwa mwanafunzi, kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa karani, hata hakuna aliyejua nakala ya kwanza ilinunuliwa na nani, au kama iliwahi kununuliwa. Kisha mwaka 2000, mwaka ule ule Safaricom na Kencell zilipoingia sokoni, ikaja Nokia 3310, na ndani yake Space Impact: chombo kidogo cheusi juu ya kioo chenye nukta 84 kwa 48, kikisafiri kutoka kushoto kwenda kulia na kupigana na madubwana ya anga. Jirani yake katika orodha ile ile ya michezo alikuwa Bantumi, ambaye kila mzee wa Pwani aliyemwona alimtambua mara moja kuwa ni mtoto wa bao. Kwa hivyo watu waliosikia habari za vita vya anga kwa mara ya kwanza kupitia simu ya mama au mjomba ni wengi kuliko waliopata kugusa kompyuta.

Nasema haya si kwa kuwalaumu walionakili. Hapakuwa na duka, hapakuwa na njia nyepesi ya mtu wa Nairobi kupeleka dola thelathini Marekani kwa ajili ya mchezo, na wenye mali hawakuwa na habari kwamba kuna wanunuzi huku. Lakini sheria ni sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, sawa na riwaya, na huilinda haki ya mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Wapo wanaodhani kwamba mchezo ambao hauuzwi tena, ambao kampuni yake imekufa au imeusahau, huwa ni mali ya yeyote aliyeuokota. Dhana hiyo haina nguvu mahakamani. Mchezo wa 1995, ulioandikwa na vijana ambao bado wako hai, utaendelea kuwa na mwenyewe hadi wajukuu wa wasomaji wa makala haya wawe wazee.

Matokeo yake ni kwamba michezo mingi imekwama baina ya soko na kaburi. Mwaka 2023 taasisi moja ya Marekani ya kuhifadhi historia ya michezo, Video Game History Foundation, ilichunguza michezo iliyotoka nchini humo kabla ya 2010, ikakuta kwamba asilimia 87 haipatikani tena sokoni. Haiuzwi, wala haitolewi; na anayeihifadhi huihifadhi kwa kificho. Ndiyo maana tendo la mwaka 2004, la wenye Tyrian kutamka wazi kwamba mchezo wao waweza kupakuliwa na kugawiwa bila malipo, lina uzito kuliko linavyoonekana. Nakala iliyokuwa imelala ndani ya disketi ya wizi katika droo fulani ya Nairobi iligeuka kuwa halali siku hiyo, bila ya mwenyewe kuondoka kitini.

Kutoa bure, hata hivyo, hakukutosha. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya DOS haiendeshwi na kompyuta za leo ila kwa kuhadaiwa, yaani kwa kuwekewa programu nyingine, kama vile DOSBox, inayojifanya kuwa kompyuta ya zamani. Mnamo 2007 waandishi wa programu wa kujitolea, kwa ridhaa ya Emery, waliuchukua msimbo wake wa asili, ulioandikwa kwa lugha ya Pascal, wakaufasiri mstari kwa mstari kuwa lugha ya C, ambayo karibu kila mashine iliyoundwa na mwanadamu huielewa. Kazi yao waliiita OpenTyrian, na kwa sababu yake mchezo huu sasa huendeshwa katika Windows, Linux, simu, na hata vifaa ambavyo mtu asingevidhania.

Sasa nafika mahali ambapo wasomaji wengi huchanganyikiwa, na ambapo watu wa Pwani wana mfano ulio karibu kuliko watu wengine. Injini ya OpenTyrian, yaani ule msimbo wenyewe unaouendesha mchezo, ilitolewa kwa leseni iitwayo GPL, ilhali picha, muziki na hatua za mchezo zilitolewa bure tu, na mambo haya mawili si mamoja. Picha na muziki ni hiba: mwenyewe amekukabidhi, utumie na ufurahi, lakini hakukupa idhini ya kuvunja na kujenga upya upendavyo. Injini ni mithili ya wakfu. Mtu aliyeweka wakfu kisima pale Mombasa au Lamu hakukipa kwa fulani bin fulani. Alikitoa katika milki ya watu binafsi moja kwa moja, ili kila mpita njia anywe, na asitokee mjukuu wala tajiri wa kukizungushia ukuta. Sheria ya Kenya imeitambua desturi hiyo kwa kuweka Makamishna wa Wakfu. GPL nayo husema hivi kwa ufupi: utumie, uchungulie ndani, ubadilishe, hata ukipenda uuze nakala, bali ukigawa ulichokibadilisha, huna budi kutoa na msimbo wake, kwa masharti yale yale, ili mwingine naye apate. Mfano haulingani kwa kila kipimo, maana kisima hukauka na programu haikauki kwa kunywewa, lakini ukuta unaokatazwa ni mmoja.

Daniel Cook alikwenda mbali zaidi ya hiba hiyo. Mwaka 2007 alizipanga picha zake za Tyrian, vyombo, milipuko, ngome na vimondo, akazitoa kwa yeyote atakaye kuzitumia katika mchezo wake mwenyewe. Jambo hili ndilo ninaloliona kuwa na manufaa makubwa kwa vijana wa huku kuliko mchezo wenyewe. Kutoka Hurlingham hadi Senteu Plaza, katika njia panda ya Lenana Road na Galana Road, ambako iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ilihamia kutoka Ngong Road, si mwendo wa kumchosha mtu. Na katika mitaa hii wamo wanafunzi wengi wanaojua kuandika programu lakini hawajui kuchora hata jiwe. Nairobi imekwisha kuonyesha kwamba si jangwa katika fani hii: Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mnamo 2007, na mwaka 2015 kikundi cha Black Division Games kilitoa Nairobi X, ambamo viumbe kutoka anga za mbali huuvamia mji wetu na mchezaji hupewa jukumu la kuukomboa. Kazi kama hizo hugharimu miaka na fedha. Anayeanza na picha zilizokwisha kuchorwa na fundi, na injini iliyokwisha kusafishwa na mafundi wengine, amepunguziwa nusu ya safari.

Nitasema pia neno juu ya bure ya siku hizi, kwa sababu imeharibu maana ya bure ya zamani. Michezo mingi inayopakuliwa katika simu leo haidai kitu mlangoni, ila ukishaingia hukukatiza kwa matangazo kila dakika, hukuuzia silaha kwa fedha halisi, na hujifanya mgumu makusudi ili ununue. Hiyo ni sarafu ile ile ya mwaka 1971, imefichwa tu tundu lake. Tyrian una duka ndani yake, kama nilivyoeleza, lakini fedha zake ni zile za adui aliyeanguka, na hakuna namna ya kuzinunua kwa M-Pesa. Aidha mchezo mzima ni megabaiti chache tu. Kabla nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM hazijafika Mombasa katikati ya 2009, intaneti yetu ilipopita kwa setilaiti na kuuzwa kwa dakika katika saiba, hata hizo chache zilikuwa gharama ya kufikiriwa mara mbili. Leo bando ndogo kabisa ya siku moja huuleta na kubakiza.

Mwenye kutaka kuujaribu na atafute OpenTyrian pamoja na mafaili ya mchezo yaliyotolewa bure, au autwae Tyrian 2000, toleo la 1999 lenye sehemu ya tano ya hadithi, ambalo duka la michezo la GOG hulitoa bila malipo. Kompyuta yenye kibodi ni bora kuliko simu, kwa kuwa kidole juu ya kioo hukifunika chombo kile kile kinachopaswa kuonekana. Achague daraja nyepesi mwanzoni, anunue jenereta kabla ya kutamani mizinga, na asiruke zile barua zinazookotwa njiani, maana mzaha wa watunzi umo humo. Na akiwa na ndugu au rafiki, iko namna ya kucheza wawili katika kompyuta moja: vyombo viwili hukutana angani vikaungana kuwa kimoja, mmoja akashika usukani na mwenziwe akaelekeza mzinga, na ugomvi juu ya nani aliyemgongesha nani katika kimondo huanza kabla ya hatua ya pili kwisha.